Ujuzi ulio mkononi

Je, asiyeweza kueleza anachokifanya anakijua? Gilbert Ryle, mwanafalsafa wa Uingereza, katika kitabu chake cha 1949 alitenganisha kujua habari za jambo na kujua kulitenda. Mwaka 1966 mwanafalsafa Michael Polanyi alishikilia kwamba sehemu ya ujuzi haisemeki kabisa. Useremala unawaunga mkono, ingawa si kwa kila kitu: vipimo vya kenchi huandikika, na mwanagenzi huvikariri kwa siku chache. Randa ni jambo lingine. Fundi mzoefu husikia inapokwenda kinyume cha nyuzi kabla ubao haujachanika. Mwanagenzi husikia kelele tu. Sikio hilo hupatikana kwa kukosea mbele ya mwenye kusikia, na mbao kadhaa huharibika, jambo lisilomfurahisha mwenye mbao.