Glasi Moja Tu?



Jirani yangu hapa Nateete, Mkristo mwema tunayekula naye rolex jioni, aliniuliza: "Sheikh, wanasema glasi moja ya mvinyo mwekundu husaidia moyo. Mbona unakataa dawa?" Nikamjibu haraka: mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiwango cha pombe kilicho salama, na pombe husababisha saratani. Akanyamaza. Nikajiona nimeshinda.

Baada ya Isha nikajiuliza: utafiti ukigeuka kesho, nami nitageuka? Suratul Baqara, aya ya 219, haikukana kuwa mna manufaa. Ilipima, ikaona dhambi ndiyo nzito. Katazo la mwisho likaja katika Suratul Maida, aya ya 90. Kumbe nilimtii daktari, nikadai ninamtii Allah.

Na hiyo "glasi moja" nani anaipima? Mwenye nguvu ataishia hapo. Mwenzake dhaifu hataweza. Ninapojizuia, namlinda na yeye.

Kesho nitamwambia jirani ukweli: afya ni faida ninayoipata njiani. Ninachokifuata ni amri ya Mola wangu.