Kilio cha Arjuna

Katika sura yote ya kwanza ya Bhagavad Gita, Krishna anatamka sentensi moja tu. Nafasi iliyobaki ni ya wengine, na zaidi ni ya Arjuna na majonzi yake. Upinde unamponyoka, ngozi inamwaka, kinywa kimekauka; mbele yake wamesimama babu, mwalimu na binamu ambao vita vinamtaka awaue. Jina la sura hiyo kwa Kisanskriti linayaita majonzi hayo yoga. Namna ya kuketi na kutuliza akili haifundishwi hadi sura ya 6.

Wengi wetu tumeijua taamuli kupitia programu za simu, na tunautaka utulivu wa sura ya 6 bila kilio cha sura ya 1. Chukua mtu aliyefiwa na mama akiwa na miaka tisa. Aliambiwa ajikaze, akajikaza. Miaka ishirini baadaye anaketi, anafumba macho, na kifua kinambana asijue kwa nini. Patanjali angemwelewa: katika Yoga Sutra anasema machungu ya akili yanaweza kuwa macho, kukatizwa, kufifia, au kulala tu. Kulala si kufa, na ukimya una tabia ya kuamsha.

Hapo ndipo fundisho zuri linapoweza kugeuka maficho. Advaita Vedanta husema wewe si mwili wala akili. Lakini kwa mtu ambaye hajawahi kuruhusiwa kusema "niliumia", maneno "mimi si akili yangu" ni lile lile "jikaze", safari hii kwa Kisanskriti. John Welwood, mwanasaikolojia wa Marekani, aliipa jina tabia hii ya kukwepa vidonda kwa kupitia dini tangu miaka ya 1980.

Je, basi tusubiri hadi tupone kabisa? Sidhani. Arjuna hajapona mafundisho yanapoanza. Krishna hata anamkemea kwanza. (Kukemewa na aliyekusikiliza hadi mwisho ni jambo jingine kabisa.) Alichokwisha kufanya ni kuyasema yote mbele ya mtu anayemwamini, kisha kukiri kwamba amechanganyikiwa na kuomba afundishwe. Sharti lenyewe naliona hapo. Na kama anayesikiliza ni mshauri nasaha wa hospitali ya wilaya badala ya guru, sioni kilichopungua.