Barabara Naijua

Kuna mzee mmoja upande wa Ngoliba ambaye nusura nimuue, na kwa miezi kadhaa angekutana nami steji asingejua ni mimi. Ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri. Nilikuwa naendesha Probox ya mjomba, nyuma nimebeba kreti za nyanya za kufika soko la Madaraka, Thika, kabla wanunuzi wakubwa hawajamaliza kuchagua. Taa ya kushoto, ile inayomulika ukingo wa barabara, ilikuwa imekufa. Ya kulia ilikuwa hai kwa jina tu, kioo kimegeuka rangi ya chai.

Mzee alikuwa anasukuma baiskeli yenye mitungi ya maji, upande wangu wa barabara, amenipa mgongo, koti jeusi. Nilimwona nikiwa nimeshamfikia. Nilivuta usukani kulia, kreti zikalala, na kioo cha pembeni kikagonga mtungi kikajikunja. Kama kungekuwa na lori la kwenda Garissa upande ule mwingine, hii makala ingeandikwa na mtu mwingine. Nikatazama nyuma kupitia kioo: giza tupu. Sikusimama.

Acha niseme tena kwa sababu nimezoea kuipita hii sehemu haraka. Sikusimama. Nilijiambia nyanya zitachelewa. Niliporudi saa sita mchana nilipunguza mwendo pale pale, nikaona lami ni kavu, hakuna damu, hakuna watu wamesimama wakiongea na mikono viunoni. Nikashusha pumzi. Jioni mjomba akauliza, "Ulifika salama?" Nikamjibu, "Nilifika poa, anko." Na kwa kweli, nilifika poa. Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Maana hakuna kilichotokea. Ukiuliza polisi, hakuna kesi. Ukiuliza mzee, labda ni mtungi ulioyumba na matusi aliyoyatupa gizani. Nikitafuta kitu cha kujilaumu nacho, sipati hata mkwaruzo. Basi kwa nini nilikuwa silali?

Kwetu mtu akigongwa tunasema ajali haina kinga. Nimeisikia matangani, nimeisikia kwa kina mama wakipeana chai kanisani, na nimewahi kuisema mwenyewe nikiwa sina la kumwambia mfiwa. Ni neno la huruma, najua. Lakini lina kazi nyingine linayoifanya kimyakimya: linaifuta ile wiki yote kabla ya ajali. Taa yangu haikufa usiku ule. Ilikuwa imekufa siku kumi na moja, na kila alfajiri kati ya hizo nilizunguka gari, nikaiangalia, nikaingia, nikawasha injini. Kinga ilikuwepo. Ilikuwa inauzwa Thika, kwenye maduka ya spea, na balbu moja ya halojeni si bei ya kumfilisi mtu.

Kuna insha ambayo ni mojawapo ya vitu vichache nilivyoondoka navyo chuoni nilipoacha masomo. Iliandikwa mwaka 1877 na mwanahisabati Mwingereza, William Clifford. Anasimulia kuhusu mwenye meli anayejua meli yake imechakaa, lakini anajituliza: imekwenda safari nyingi ikarudi, itarudi na hii. Anaipungia mkono ikiondoka na abiria. Meli inazama, naye anachukua pesa za bima na kunyamaza. Mpaka hapo hakuna anayebisha. Kisha Clifford anauliza: je, kama meli ingefika salama? Jibu lake ni kwamba hatia ya yule bwana haipungui hata kidogo. Alichokosea alikikosea akiwa bandarini, alipojiruhusu kuamini kitu ambacho hakuwa na haki ya kukiamini.

Darasani niliona ni ukali wa Wazungu wa zamani. Nilipoikumbuka nikiwa kwenye Probox, niliona inaniongelea mimi, na wimbo wangu ni uleule wa mwenye meli: barabara naijua.

Na kweli naijua. Najua kutoka Ngoliba mpaka lami ya Thika–Garissa mashimo yako wapi, najua matuta, najua pale harufu ya mananasi inapoanza. Ningeweza kukuchorea. Lakini fikiria ni nini hasa unachokijua ukisema unaijua barabara. Unajua vitu visivyohama. Kwa shimo, kumbukumbu inatosha. Taa inahitajika kwa kile ambacho jana hakikuwa hapo: punda aliyekatika kamba, bodaboda iliyozimika, mlevi, mtoto aliyetumwa dukani, mzee na maji yake. Kwa maneno mengine, ninapojisifu kwamba naijua barabara, nimeshawatoa watu wote kwenye hiyo barabara.

Nilifanya kajaribio, na ningependa kila mwenye gari akafanye. Niliegesha Probox mbele ya ua wa shosho usiku, nikawasha taa kama kawaida, kwenye dimu. Binamu yangu akavaa koti la kazi la rangi nyeusi, akaanza kutembea kwenda mbali huku anahesabu hatua. Alipotoweka nikapiga kelele. Hatua 19. Tuseme mita 14. Sasa tupige hesabu. Kwenye kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Mtu mwenye usingizi wa alfajiri anachukua sekunde moja na nusu hivi kabla mguu haujafika breki, hapo mita 33 zimeisha na gari bado halijaanza kupunguza. Ongeza mita zaidi ya 30 za breki zenyewe kwenye lami kavu, na matairi mazuri, ambayo hatukuwa nayo. Karibu mita 70. Mimi nilikuwa naona 14. Kwa muda wote huo nilikuwa naendesha ndani ya sehemu ya barabara ambayo tayari sikuwa na uwezo wa kufanya lolote kuihusu. Spidi ambayo taa zangu ziliniruhusu ilikuwa kama kilomita 25 kwa saa, spidi ya bodaboda iliyobeba sofa.

Hata taa nzuri, kwenye dimu, kumwona mtu wa nguo nyeusi ni mita 40 au 50 hivi. Kwa hiyo hata wewe wa gari jipya, kwenye 80 unakwenda zaidi ya unavyoona. Pole.

Mwanafalsafa Thomas Nagel, wa Marekani, miaka ya 1970 alichokonoa jambo hili akaliita bahati ya kimaadili. Mfano wake mmoja ni dereva wa lori aliyezembea kukagua breki. Mtoto akimkatizia, atajilaumu maisha yake yote. Asipokatiziwa na mtoto, uzembe ni uleule, lakini atakula chakula cha jioni vizuri. Nagel anaona hapo pana jambo lisiloeleweka, kwamba tunahukumiana kwa vitu ambavyo hatukuvishika mkononi. Namwelewa. Lakini nadhani kutoka kwenye kiti cha Probox swali linageuka. Silalamiki kwamba mwenye bahati mbaya anahukumiwa zaidi. Ninachojiuliza ni mimi mwenye bahati nzuri nimepata wapi ruhusa ya kuitumia kama risiti. Kila alfajiri niliyofika salama ilikuwa ushahidi wa kunisaidia kusafiri kesho yake. Siku ya kumi na moja nilikuwa na ushahidi mwingi kuliko siku ya kwanza, na taa mbovu zaidi.

Sasa kuna pingamizi moja ambalo nisipolijibu mjomba hatanisamehe. Atasema, wewe na falsafa zako, unajua karo ya binamu zako inatoka wapi? Kiosi cha nyanya hakisubiri. Ukifika Madaraka saa moja na nusu, bei imeshashuka, unauza kwa hasara au unarudi nazo. Gari ni kuukuu kwa sababu pesa ni ndogo, si kwa sababu sisi ni watu wabaya. Na ni kweli. Gari la miaka mingi kutoka Japani linakuja na vioo vya taa vya plastiki, jua letu linavichoma mpaka vinakuwa vya njano na ukungu, kile kioo cha ndani kinachorudisha mwanga kinababuka, waya wa arthi unaoza, na unajikuta na taa inayowaka lakini haimuliki. Hakuna aliyechagua hayo. Maskini naye ana haki ya kufika sokoni.

Ila nikimfuata mjomba mpaka mwisho wa hoja yake, nakuta amesimama mtu mwingine. Umaskini wetu ulikuwa na gari. Wa mzee ulikuwa na baiskeli, tena ya kusukuma. Pesa tulizookoa kwa kutonunua balbu hazikutoweka hewani, zilihamia kwake kama hatari, bila kumuuliza, na katika bei ya nyanya hakuwa na hata shilingi. Kenya, kwa miaka ya karibuni, zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni wanaotembea kwa miguu. Hao ndio wanaolipa balbu za wengine. Nilikuwa nadhani taa ni jicho la dereva. Siku hizi naona nusu yake si yangu.

Serikali ikishtuka huwa inafunga usiku wenyewe. Mwisho wa Desemba 2017, basi na lori zilipogongana Migaa, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, na watu 36 wakafa, NTSA ilipiga marufuku mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku. Haikudumu. Na hata ingedumu, hakuna anayeweza kupiga marufuku nyanya kuiva, wala mzee kuteka maji kabla foleni haijawa ndefu.

Nilichofanya baada ya yote haya nakionea aibu kidogo. Niliponunua balbu sikununua halojeni ya kawaida. Nilinunua LED za bei rahisi, zile nyeupe za kukata macho, jamaa wa duka aliniambia, "Buda, hizi utaona mpaka Mwingi." Nikaona kweli, kwa siku mbili. Usiku wa tatu pikipiki ilikuwa inakuja mbele yangu, ikaniwashia taa, ikawasha tena, nikajibu sina fuli, hii ni dimu. Alitoka lami akaingia kwenye murram na abiria wake wawili. Hawakuanguka. Tena bahati! Taa zile hazikutengenezwa kwa nyumba ya balbu ya halojeni, mwanga unasambaa kila mahali badala ya kulala chini. Nilikuwa nimetoka kumnyima mwenzangu mwanga nikaingia kumnyima macho, na mara zote mbili mimi nilikuwa naona sawasawa kile nilichotaka kuona.

Fundi mmoja wa Thika akazitoa, akacheka, akaweka balbu ya kawaida kushoto na kubadilisha soketi iliyoungua. Akasugua vioo kwa msasa wa maji, halafu akamalizia na dawa ya meno. Ya kushoto ikarudi. Ya kulia akatikisa kichwa. "Hii si balbu, chifu. Ndani imebabuka. Tafuta taa nzima." Mjomba akasema tungoje embe ziuzwe. Sikubishana naye, ila nilimwambia sasa nitakuwa nikitoka saa tisa na kwenda pole pole. Alinitazama kama mtu anayeambiwa mwanawe ameokoka.

Kisha nikamtafuta mzee. Haikuwa kazi, kila mtu alimjua mzee wa maji. Nilimnunulia koti la rifleta, la kijani kibichi, na nikiwa njiani nikagundua ninachokifanya: mimi ndiye mwenye deni, na zawadi yangu ni kumpa yeye kazi ya kuonekana. Nusura nirudi nalo. Nilimpa hata hivyo. Nikamweleza alfajiri ile, Probox nyeupe, mtungi, kioo.

Akafikiri. "Hiyo ilikuwa mwezi gani, kijana?"

Nikamwambia.

"Hapana, hiyo siikumbuki. Mwezi huo kulikuwa na nyingine iliyonitupa kwa mtaro. Ni wewe?"

"Si mimi, mzee."

Akalishika koti, akaligeuza, akaangalia mishono. Hakulivaa. Alilifunga nyuma ya baiskeli, juu ya mitungi, akalivuta mpaka ile mistari inayong'aa ikatazama nyuma. Halafu akaniuliza kama taa nilitengeneza.

Nikamwambia ya kushoto.