Mnyama wa Pori Aliyeuawa kwa Kukosea

Ndugu zetu Waislamu, Kiamaiko, mtaa wa mashariki ya Nairobi, unajulikana kwa machinjio ya mbuzi, na sisi watu wa pwani tukifika huko twaila nyama yake bila shaka. Basi mtu akipeleka huko paa aliyefia mtegoni, akasema, "Sikumkusudia huyu," ajibiwe nini?

Twasema: kukosea huondoa dhambi, hakuondoi dhima. Amwuaye Muislamu mwenziwe kwa kukosea huwajibika kutoa dia, kwa hukumu ya Aya ya 92 ya Sura An-Nisaa.

Tena, je, mwenye mtego amekosea kweli? Kenya imepiga marufuku uwindaji wa wanyama wa pori tangu mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 yamwadhibu auzaye nyama yao. Mtego hauchagui, aliyeutega ameridhia chochote kitakachonasa. Mwenye udhuru ni dereva aliyerukiwa na mnyama njiani usiku. Naye wajibu wake ni kuwaarifu askari wa wanyamapori, si kuupakia mzoga garini.

Na mnyama aliyekufa kwa kunyongwa na kamba, au kwa kugongwa, ni kibudu, haramu kwa Aya ya 3 ya Sura Al-Maida. Kisu kipitishwacho baada ya roho kutoka hakihalalishi kitu.

Enyi wachinjaji, mnunuzi hakuona kisu chenu, amewaamini tu. Ilindeni amana hiyo. Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Amin.