Maradhi Mawili, Mgonjwa Mmoja

Je, ni haki kumwambia kijana aliyezama katika bangi na huzuni aache ulevi kwanza, ndipo atibiwe moyo? Wako waonao kuwa ni haki. Husema kuwa dawa haifai kitu katika mwili uliolewa, na kuwa tiba ni stahili ya aliyeonyesha nia.

Hoja hiyo ina sura ya busara, lakini imesahau tabia ya maradhi yenyewe: sonona humnyang'anya mtu nia ile ile atakiwayo kuionyesha. Mwaka 2007, Paula Riggs na wenzake wa Marekani walitangaza habari za vijana 126, wa miaka 13 hadi 19, waliokuwa na maradhi yote mawili. Hawakushurutishwa kuacha kwanza. Kwa majuma 16 wote walipewa mashauri juu ya ulevi, na baadhi yao waliongezewa dawa ya sonona. Wengi walipata nafuu ya huzuni, hata miongoni mwa wasiopewa dawa. Na walioondokewa na huzuni ndio waliopunguza ulevi.

Basi nia, mara nyingi, ni tunda la tiba. Amdaiye mgonjwa tunda hilo mlangoni adai mavuno ya shamba asilolima. Na kijana aliyerudishwa mlangoni huenda asije tena.