PAKA KIWETE NA HAKI YAKE JUU YETU



Ndugu zangu Waislamu, leo nataka kunena nanyi juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo. Najua wapo watakaosema: Sheikh amekosa la kuandika hata akaja na habari za paka. Nawaomba wasinihukumu mpaka wafike mwisho wa karatasi hii.

Siku moja baada ya sala ya Alasiri, hapa kwetu Funzi, watu walikuwa wakivuta mashua nchi kavu juu ya magogo. Paka mmoja alikuwa amelala kivulini mwa mashua ile, na gogo likampitia mguu wa nyuma likausaga. Kijana mmoja miongoni mwa wanafunzi wangu wa chuoni akamwinua, akamleta barazani pa msikiti tulipokuwa tumeketi. Mzee mmoja akasema: "Huyo hafai tena. Mtieni chomboni, mkamwache ng'ambo mikokoni." Wengine wakaafiki. Nami, ambaye watu huniuliza la halali na la haramu, nilinyamaza. Sikusema ndiyo wala siyo. Nilikuwa na haraka ya darsa.

Kunyamaza kwa mwalimu mbele ya wanafunzi wake ni fatwa. Hili twalijua, na mara nyingi twajifanya hatulijui.

Kijana yule hakwenda mikokoni. Alimpeleka yule paka jikoni kwa bibi yake, akamlaza ndani ya kasha juu ya gunia. Siku ya pili alinijia na suali. Akaniambia: "Maalim, katika Safina tulisoma kwamba mtu mwenye maji kidogo huacha kutawadha akatayamamu, ikiwa maji yale yanahitajiwa na mnyama muhtaram mwenye kiu. Na ukatutajia wasiokuwa muhtaram. Paka hakuwamo. Sasa yule wa jana, kwa kuvunjika mguu, ametoka katika muhtaram?"

Wallahi sikuwa na la kumjibu isipokuwa kuinamisha kichwa. Kitabu cha Safinatun-Najah tumekisoma sote tangu utotoni katika mwambao huu, tukakihifadhi kwa moyo. Mas-ala ile ya kutayamamu twaifundisha kila mwaka. Walakini twaifundisha kama hisabu, tukahesabu sababu tatu, tukapita. Hatukusimama kuitazama maana yake. Maana yake ni kuwa maji ya udhu, ambayo kwayo mja husimama mbele ya Mola wake, huondolewa katika ibada yakapewa kiumbe kisichosema, kwa sababu kina kiu. Ikiwa sala yenyewe yampisha mnyama, seuze usingizi wetu, na haraka zetu, na vipande vya samaki vinavyobaki sahanini?

Kwa hiyo suali lililo mbele yetu ni hili: haki ya mnyama yatokana na manufaa yake au yatokana na uhai wake?

Sisi watu wa mjini twafuga paka kwa panya. Maadamu anakamata panya, ni wa nyumbani, na watoto humpa jina. Akipofuka, au akivunjika, au akipooza, huitwa "lile paka". Kama haki yake ilikuwa ujira wa kazi, basi kweli ujira umekwisha. Lakini wanavyuoni wetu hawakusema hivyo. Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi aliyefariki mwaka wa 660 Hijria, yaani 1262, katika kitabu chake cha Kawaidul-Ahkam amezihesabu haki za wanyama juu ya wanadamu. Ya kwanza aliyoitaja ni kuwalisha na kuwahudumia, hata kama wamezeeka au wamepatwa na maradhi yasiyopona, wakawa hawana faida tena. Tazameni jinsi alivyolikata shina la udhuru wetu. Amekuja pale pale tunaposema "hafai tena", akasema kuwa haki ingaliko.

Na hikima yake haifichiki. Kumlisha mnyama mwenye faida huenda ikawa ni biashara tu, mtu ampe ili apate. Huruma haijulikani mpaka faida iondoke. Nasi sote tu safarini kuelekea kwenye kutokuwa na faida. Mvuvi ataacha bahari, fundi wa mashua atatetemeka mkono, na mwalimu atasahau Aya. Mtoto anayemwona babake akimtupa kiumbe kwa kuwa hafai tena, amefundishwa somo ambalo babake atakuja kulijutia.

Natuzitazame sasa njia tatu ambazo watu huzifuata.

Njia ya kwanza ni kumtupa. Watu wa visiwani hutia paka chomboni wakamwacha mikokoni, na watu wa bara hutia vitoto vya paka guniani wakaviacha sokoni au njia panda. Nao husema: "Sisi hatukuua." Ndugu zangu, mnaijua hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Mwanamke yule hakumpiga wala hakumchinja. Alimfungia, asimlishe, wala asimwache akajitafutia mwenyewe. Illa ya adhabu ni kuwa alimweka mahali ambapo riziki haimfikii wala yeye haifikii riziki. Sasa paka aliyevunjika mguu akiachwa mikokoni, maji yakijaa hana pa kupanda, na yakitoka hana cha kukamata. Kifungo cha yule wa kwanza kilikuwa nyumba, na kifungo cha huyu ni mguu wake. Mimi sioni tofauti baina ya hao wawili isipokuwa kuwa sisi hatuko pale kumsikia akilia.

Njia ya pili ni kumwua ili apumzike. Hapa pana mazungumzo ya wanavyuoni, na haifai kuyaficha. Katika madhehebu yetu, mwenye Fat-hul-Muin amesema wazi kuwa ni haramu kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa ajili ya kumpumzisha, na akatoa mfano wa punda mwenye maradhi ya kudumu. Wapo wanavyuoni wa madhehebu nyingine, kama Hanafi, walioruhusu pale ambapo mnyama yumo katika mateso na hakuna tamaa ya kupona. Basi akitokea daktari wa wanyama mwaminifu akasema kuwa kiumbe hiki kimo katika kukata roho na maumivu hayaondoki, mwenye kufuata kauli hiyo hatumtukani. Ninalolikataza ni lile la haraka. Mara nyingi tunasema "tumpumzishe" hali tukitaka kujipumzisha sisi na kazi ya kumtunza. Mguu mmoja kuvunjika si kukata roho. Paka wa miguu mitatu hupanda ukuta, huwinda, na huishi umri wake. Na kipofu wao, akizoea nyumba, huijua kwa masharubu na pua kuliko sisi tuijuavyo kwa macho usiku.

Njia ya tatu ni kumtunza. Hii ndiyo njia ya waliotangulia. Mji wa Cairo, Sultani Baybars, aliyefariki mwaka wa 1277, aliacha shamba liwe wakfu wa kulisha paka. Mwingereza Edward Lane, aliyetoa kitabu cha habari za Misri mwaka wa 1836, ameeleza kuwa katika siku zake pato la wakfu ule lilikuwa limedidimia, na gharama ikamwangukia kadhi, na paka wangali wakija Alasiri uwanjani mwa mahakama kulishwa. Wakfu umeharibika, lakini kadhi hakusema hayamhusu.

Na karibu yetu je? Lamu, tangu mwaka wa 1987, pana kliniki ya punda iliyojengwa na jumuiya ya Kiingereza iitwayo The Donkey Sanctuary, ambapo punda wagonjwa na wenye majeraha hutibiwa bure. Diani, tangu mwaka wa 1997, pana jumuiya ya kuwahami mbega. Humtibu aliyegongwa na gari au aliyeunguzwa na umeme, na wametundika ngazi za kamba juu ya barabara ili wanyama wavuke salama. Nairobi pana jumuiya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na sheria ya nchi juu ya jambo hili, Sura ya 360, ilitungwa mwaka wa 1962. Haya ni mema, na mwenye kutenda mema tumshukuru awe nani awaye. Lakini mimi huona haya nikikumbuka kuwa sisi tuliyasoma haya kabla, tukakaa nayo vifuani. Mtume wetu (S.A.W.) ndiye aliyesimama kwa ajili ya ngamia aliyekuwa akilia bustanini mwa Ansari, akamwuliza mwenyewe kama hamchi Mungu katika mnyama aliyemmilikisha.

Sasa nijibu maneno matatu yasemwayo.

La kwanza, husemwa paka ni najisi. Si kweli. Abu Katada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, na mkwewe Kabsha alipostaajabu, akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) alisema paka si najisi, kwani ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Damu yake na mkojo wake ndivyo najisi, navyo huoshwa kwa maji. Ama wasemao kuwa paka mweusi au kilema ni jini aliyetumwa, hayo ni maneno ya waganga, na Muislamu hamwogopi kiumbe asiyeweza hata kujiinua.

La pili, husemwa wapo watu wenye njaa na watoto vilema. Je, tuwaache tushughulike na paka? Nasema: la hasha, mwanadamu atangulia. Sura nzima ilianza kwa lawama juu ya kugeuziwa uso kipofu mmoja. Lakini niambieni, yule asemaye hivi, je, amekwisha kwenda kwa mtoto kiwete wa jirani? Aghalabu mwenye kumfungia mlango paka kilema ndiye yule yule anayemficha mwanawe kilema chumba cha ndani wageni wakija. Rehema si kibaba cha mchele, kwamba ukimpa huyu kitampungukia yule. Moyo uliozoea kutoa kwa asiyeweza kushukuru, huona wepesi kutoa kwa awezaye.

La tatu, husemwa paka ni wengi, tutawaweza wapi? Hili ni neno la kweli. Kuhasi wanyama wasioliwa ni jambo lililokatazwa katika vitabu vyetu vya Shafi. Baadhi ya wanavyuoni wa zama hizi, kama Sheikh Ibn Uthaymin aliyefariki mwaka wa 2001, wameruhusu paka wafanyiwe hivyo wakiwa wengi na wenye kudhuru, maadamu hawatateswa, kwani ni bora kuliko kuwaua baada ya kuzaliwa. Nami naona kauli hiyo ni nyepesi zaidi mbele ya Mungu kuliko gunia la vitoto vinavyolia njia panda. Lakini kazi hiyo ni ya daktari, si ya wembe wa nyumbani.

Na kwa kuwa maneno bila ya vitendo ni kama chombo bila ya tanga, haya ndiyo machache ya kushika. Paka aliyeumia huogopa, naye huuma. Mfunike kwa kitambaa kizito kabla hujamwinua. Mweke kasha dogo, mahali pakavu na kimya, na maji karibu. Usimpe kamwe vidonge vyetu vya maumivu kama Panadol. Dawa hiyo ni sumu kwa paka, na kidonge kimoja chaweza kumwua. Akimeza ndoana na mshipi ukawa watokeza mdomoni, jambo ambalo kwetu wavuvi si geni, usiuvute, kwani utampasua matumbo. Mpeleke kwa daktari na mshipi wake. Aliyepooza nyuma, mgeuze upande kwa upande asifanye vidonda, na umwoshe. Huenda hawezi hata kukojoa bila ya kusaidiwa, na daktari atakuonyesha namna. Mwenye mimba asiguse mavi ya paka. Na mtu akiumwa na paka au mbwa asimjuaye, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku ile ile, kwani kichaa cha mbwa kikidhihiri hakina dawa.

Ama paka wa yule kijana, mguu ulikauka, na baada ya majuma kadha akaanza kutembea kwa mitatu. Sasa huja barazani wakati wa darsa, akalala karibu na viatu. Yule mzee aliyesema atupwe humletea vichwa vya samaki, wala hatulitaji tena lile neno lake, kwa kuwa na mimi nilikuwa na langu la kunyamaza, na langu lilikuwa zito zaidi.

Nimemwomba Mungu msamaha kwa siku ile. Na kwa kuwa nilinyamaza mbele ya watu, nimeona ni wajibu niseme mbele ya watu. Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe nyoyo zenye huruma kwa kila kilichovunjika, na aturehemu siku tutakapokuwa sisi ndio tusiofaa tena. Amin.