Je, mgonjwa anaweza kukataa?



Mama mmoja wa kanisa letu alikuwa Busia kwa dada yake wakati mtoto wake alipovimba taya. Walipitia Tororo, wakatumwa hospitali kubwa. Huko aliambiwa kwamba ni kansa, kisha akaulizwa kama angekubali mtoto aingizwe katika utafiti wa dawa. Alitupigia simu: "Mchungaji, niweke kidole?" Tulimjibu upesi: weka, mama, Mungu amefungua mlango. Tukaomba naye kwenye simu.

Mtoto alipona, Bwana asifiwe. Lakini baada ya miezi mingi mama alituambia neno lililotuchoma. Alidhani akikataa, mtoto angefukuzwa kwenye matibabu. Hakuthubutu kuuliza. Nasi hatukumwuliza.

Uvimbe huo wa taya si mgeni huku kwenye mpaka, mahali penye malaria nyingi. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago na mtu wa maombi, aliandika habari zake mwaka 1958. Mwaka 1967 kituo cha kuutibu kilifunguliwa Mulago, ndicho leo Taasisi ya Kansa ya Uganda. Hapo daktari John Ziegler kutoka Marekani na wenzake walijaribu dawa kwa watoto, wakilinganisha dawa moja na dawa kadhaa zinazotolewa pamoja. Wako watoto waliopona kabisa ugonjwa ambao kabla ya hapo uliua kwa miezi michache. Ugonjwa ukapewa jina la daktari. Watoto hatuwajui kwa majina, ingawa kila mtoto anayetibiwa leo anakula matunda ya mti walioupanda wao. Kwa hiyo wanaosema "wazungu wanatufanya panya" hawajasema yote.

Lakini hata hofu yao si ya kuchekwa. Utafiti si sawa na matibabu ya kawaida. Unafanywa kwa sababu madaktari wenyewe hawajajua dawa ipi ni bora, na mara nyingi kura ndiyo inayoamua nani apate ipi. Mgonjwa akisikia "dawa mpya" husikia "dawa nzuri zaidi". Ndiyo maana kanuni zinataka aelezwe kwa lugha anayoielewa, na kwamba anaweza kukataa, au kutoka katikati, bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida.

Kanuni ni nzuri. Shida iko kwenye kidole chetu. Tulipovuka Busia na Malaba mwanzoni mwa 2008, tukapokewa Mulanda kule Tororo, tuliweka kidole kwa kila kitu: blanketi, posho, sabuni, lori la kutuhamisha. Nani alisoma? Nani angekataa, alale njaa? Kidole cha mkimbizi kimezoea kusema ndiyo kabla ya mdomo. Karatasi ya utafiti ikiletwa, inafanana na zile nyingine zote.

Kumbukeni Danieli, sura ya kwanza. Naye alikuwa mateka katika nchi ya wengine, akila kwa mkono wa mfalme. Alijaribiwa siku kumi kwa mboga na maji, kisha nyuso zao zikalinganishwa na za vijana waliokula chakula cha mfalme. Ni jaribio kabisa! Ila Danieli ndiye aliyeliomba. Alijua litachukua siku ngapi na nini kitatazamwa, na kabla ya hapo alikuwa amekwisha kusema hapana kwa meza ya mfalme. (Wale vijana wengine, hatusomi kwamba waliulizwa.)

Kwa hiyo siku hizi mtu akitujia na karatasi ya namna hiyo hatusemi weka wala usiweke. Tunamwuliza: ukikataa, utafanyiwa nini? Asipojua, tunamwomba arudi kwa daktari akaulize, na akiogopa tunakwenda naye.

Juzi dada mmoja mwenye kansa ya titi alikwenda na swali hilo. Alijibiwa vizuri, akapewa muda wa kufikiri. Bado hajaamua. Karatasi ameiweka ndani ya Biblia yake, na Jumapili tulimwona akiisoma tena wakati wa matangazo.